Frasila Mbili Kichwani

Mtu wa leo akitaka kupeleka shehena kutoka Dar es Salaam hadi Tabora humwendea mwenye lori, akaulizwa uzito na aina ya mzigo, akatajiwa nauli, na baada ya kushindana kidogo kwa kupunguza na kuongeza, gari likapakiwa na jambo likawa limekwisha. Amma katika zama za Seyyid Said bin Sultan na wanawe waliomrithi, ambapo mji huo wa bara ulitajwa zaidi kwa jina la nchi yake, Unyanyembe, na mwanzo wa njia yake haukuwa Mzizima bali baraza na maghala ya Mji Mkongwe wa Unguja, kukadiria gharama ya safari hiyo kulikuwa ni elimu peke yake, yenye mizani yake, sarafu zake na mabingwa wake. Na wengi katika mabingwa hao walikuwa matajiri wa Kihindi ambao hawakupata hata siku moja kuvuka mto Ruvu, lakini waliijua njia ya bara kwa daftari kama nahodha aijuavyo miamba asiyoiona.

Msingi wa hisabu yote ulikuwa kichwa cha binadamu. Ndorobo alikwisha kuifunga njia ile kwa ng'ombe na farasi, na punda alivumilia siku chache kisha akalala njiani. Kwa hiyo kila kilichokwenda bara na kila kilichotoka bara kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu, na mfanyabiashara, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, aliuliza kwanza kitu hicho kitagawanyika vipi katika mizigo. Mzigo mmoja, kwa ada waliyoishika wapagazi wenyewe, ulikuwa frasila mbili, na maadam frasila moja ni ratili 35, mzigo ukawa ratili 70. Hapana Sultani aliyeitangaza ada hiyo wala kadhi aliyeiandika, lakini ilikuwa na nguvu kuliko sheria nyingi zilizotangazwa na kuandikwa, kwani msafiri aliyejaribu kupenyeza ratili kumi zaidi kwa hila aliamka alfajiri akaukuta mtumba wake umeegemezwa mti na mwenye kuuchukua hayupo.

Neno hili, mtumba, lina kisa chake. Nguo zilizokwenda bara zilikunjwa na kukazwa kwa kamba mpaka zikawa kama mto mrefu wa kulalia, urefu wake futi tano hivi, kisha zikazungushiwa fito, ili mpagazi anapotaka kupumua ausimamishe mzigo wake kwenye shina la mti, asiwe na haja ya kuuinua tena kutoka chini. Furushi hilo ndilo lililoitwa mtumba, na anayepita leo Darajani akichagua mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya, akayaita mitumba, anatamka neno la wapagazi pasi na kukumbuka kwamba mtumba ulikuwa ukitoka Unguja kwenda bara na nguo zake zikiwa mpya. Pembe nazo zilikuwa na taratibu zao. Ndogo zilifungwa pamoja mpaka zikatimia mzigo. Kubwa ilichukuliwa na mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wenziwe, naye alifika hata frasila tatu, akalipwa zaidi na kutembea kwa fahari zaidi. Na iliyoshinda nguvu za mmoja ilining'inizwa kwenye mti baina ya mabega ya wawili, na hiyo ndiyo mzegazega. Juu ya yote hayo mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake, kibuyu chake cha maji na posho yake, vitu ambavyo hapana aliyevipima na hapana aliyevilipia.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa namna hisabu hii ilivyofanywa tumeachiwa na mtu aliyekuja bila ya kuijua. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alishuka Unguja tarehe 6 Januari 1871, ametumwa kumtafuta Dk. Livingstone, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 anakiri kwamba vitabu vya wazungu waliomtangulia vilimweleza milima na mito, lakini havikumweleza mtu achukue nguo kiasi gani, shanga za namna gani, wala wapagazi wangapi. Ikambidi aende kuuliza barazani kwa Waarabu waliozoea njia. Jawabu aliyopewa ilikuwa fupi: watu mia moja hula doti 10 kwa siku. Doti ni shuka mbili, na shuka ni mikono minne, yaani yadi 2. Basi watu mia hula yadi 40 za nguo kila linapokuchwa jua. Akashauriwa kwa matumizi ya mwaka mmoja anunue merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi, kama barsati, sohari, ismaili na nyinginezo, doti 650. Mwenye kupenda hisabu na ajumlishe: ni doti 3,650, ambazo ukizigawa kwa siku 365 hupati pungufu wala ziada hata ya shuka moja. Waliomshauri hawakuwa na skuli ya tijara wala kompyuta, na mimi sijaona makadirio ya nauli ya siku hizi yaliyonyooka namna hiyo.

Shanga zilikuwa na mashaka zaidi, kwa sababu nguo hupokelewa karibu kila mahali, ila shanga hufuata mapenzi ya watu, na mapenzi hubadilika kwa kila nchi. Zile nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa sarafu Ugogo, na nje ya Ugogo hazikununua hata yai. Sungomazi, kubwa kama yai la njiwa, zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, zikakataliwa kwengineko. Nyeupe zilifaa Ufipa na sehemu za Usagara, lakini palipojulikana samisami nyekundu hapakuwa na aliyetaka kuzitazama. Ikawa mwenye kusafiri lazima akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi, kisha anunue rangi kwa kadiri ya siku hizo, kwani akizidisha atabaki na gunia la mawe, na akipunguza watu wake watalala na njaa katikati ya mtama uliojaa maghalani. Shanga hizo zilitoka Venice, zikatungwa nyuzi; uzi mmoja ukaitwa khete, na khete kumi zikawa fundo. Masango, yaani nyaya za shaba nyekundu na manjano, zikafanya fungu la tatu. Stanley alipokwisha kununua na kufunga, akakuta ana mali ya ratili 11,000 hivi, na kwa kuwa hapana mtu atakayekubali zaidi ya ratili 70, akahitaji wapagazi karibu 160. Alisimama katika chumba kilichojaa marobota, kama anavyosimulia, akashangaa vipi rundo lile litaweza kujongea mpaka katikati ya Afrika.

Ni vyema hapa tuulize nguo ile iliyokuwa mfalme wa nguo zote, merikani, iliingiaje katika jambo hili, maana jina lake linatuambia kwao. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, ushuru wa kuingiza bidhaa ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 akaja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, ambaye alikuwa mfanyabiashara kwanza na balozi baadaye. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba zisizotiwa dawa, nzito, ngumu, zenye rangi ya maziwa yaliyolala, zilizofumwa katika viwanda vya huko kwao, na zikachukua pembe, ngozi na sandarusi. Watu wa bara waliijua merikani ya kweli kwa kuishika na kuinusa, wakaikataa ya bandia, na sifa yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wamarekani walipoingia katika vita vya wao kwa wao, 1861 hadi 1865, pamba ikakatika na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaja kushika nafasi yake, jina halikuondoka; likaganda kwenye nguo ya aina ile popote ilipofumwa. Riale ya Maria Theresa, fedha iliyotawala sokoni Unguja na hata Maskati, ilikuwa na heshima mpaka ufukwe wa Bagamoyo. Ukishauacha ufukwe, riale ilikuwa kipande cha madini kizuri cha kumfanyia mke kidani.

Sasa tumefika kwenye kiini cha gharama yenyewe. Nguo ile haikuwa bidhaa tu. Ilikuwa pia ndiyo nauli na ndiyo chakula. Mfano wake ni jahazi linalokata mbao zake lenyewe kuwashia moto wa jikoni: kila siku ya safari shehena ilipungua kwa sababu ya kuichukua shehena, na kila mpagazi aliyeongezwa ili kuchukua nguo zaidi alihitaji nguo za kumlisha, nazo zikahitaji kichwa kingine. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 waliingia Kaze, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Tukichukua kipimo cha wale wazee wa barazani, msafara wa watu mia uliokwenda kwa mwendo huo ungekula doti 1,340 kabla ya kuuza hata shuka moja. Ndio maana mfanyabiashara hodari alisifiwa kwa wepesi wa mwendo kuliko kwa wingi wa mali, na ndio maana pia safari hiyo haikuweza kuchukua kitu chochote kilicho rahisi. Hapana aliyepeleka chumvi ya Unguja Unyanyembe, wala aliyeleta mtama wa Unyanyembe Unguja. Kilichoweza kustahimili nauli ya kichwa ni pembe peke yake, na ilistahimili kwa sababu katika karne ile yote watu wa Ulaya, Marekani na Bara Hindi walizidi kuitaka kwa vitufe vya biliadi, vibao vya piano na bangili za maharusi, bei yake ikapanda mwaka baada ya mwaka, ilhali nguo za viwandani hazikupanda nayo. Faida ya njia nzima ilikaa katika ule mwanya baina ya bei mbili.

Posho ya mtu ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, ama mwenyewe apewe nafaka, ama apewe nguo au shanga ajinunulie. Katika nchi zenye neema jambo hili lilikuwa jepesi. Lakini baina ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori la siku nyingi lililoitwa Mgunda Mkali, ambamo hapana wa kuuza wala wa kununua, na kabla ya kuliingia ilipasa chakula kibebwe juu ya mizigo. Penye kiu wapagazi walifanya terekeza: walikaa kwenye maji mpaka adhuhuri, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua linapokwisha kupinduka, wakatembea mpaka usiku, wakalala pakavu, na kesho yake mapema wakayafikia maji mengine. Mwenye kupanga safari alipaswa kuzihisabu hizo terekeza, kwa sababu kila moja ilichosha watu kama siku mbili za kawaida.

Kisha hongo. Neno hili limekuja kuharibikiwa, na leo hutumika kwa rushwa ya gizani, lakini katika zama hizo lilikuwa ushuru uliolipwa mchana, mbele ya mashahidi, kwa mtawala wa nchi ambayo msafara unapita. Ugogo ndiko ulikokuwa mzito, na wazungu wote waliopita huko wameandika kurasa za manung'uniko, wakiwaita watemi wa Kigogo wanyang'anyi. Mimi siafikiani nao kabisa. Ugogo ni nchi kavu. Kisima kilichochimbwa kwa jasho la wenyeji kinapoijiwa na watu mia tatu kwa siku moja, pamoja na punda wao, na ghala la mtama linapopapasiwa na wageni ambao mwakani hawatakumbuka hata jina la kijiji, si ajabu mwenye kisima akitaka apewe kitu. Waarabu wenyewe walilalamika kama mfanyabiashara yeyote alalamikavyo kwa ushuru, lakini walilitia hongo katika daftari kama walivyotia ushuru wa forodha ya Unguja, na hapana aliyeshangaa kwamba forodha nayo ilimtoza mwenye pembe kwa kila frasila, na kwa kiasi kilichotofautiana kwa kadiri ya nchi pembe ilikotoka.

Wapagazi walikuwa wa namna mbili, na aliyetaka kupanga nauli sawasawa ilimlazimu azijue zote mbili. Wa kwanza ni Wanyamwezi, watu huru, ambao walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla ya Mwarabu yeyote kufikiria kupanda bara, na kwa kijana wa kwao kuiona bahari kulikuwa ni sehemu ya kuwa mwanamume. Hawa walipenda kulipwa kwa safari: nguo kadha kutoka pwani mpaka Unyanyembe, basi, msafara ukichelewa au ukiharakisha. Lakini walikuwa wakulima, na baina ya Oktoba na Mei, mvua zinapoita jembe, ilikuwa taabu kumtoa mtu kwao. Wa pili ni wale waliojiita waungwana, watu wa Unguja na mrima, wengi wao wakikaa Ng'ambo na katika mashamba. Baadhi yao walikuwa huru, na baadhi watumwa waliopewa ruhusa ya kwenda kutafuta, ambao sehemu ya ujira wao iliishia mfukoni mwa bwana aliyekaa nyumbani akinywa kahawa. Hawa walilipwa kwa mwezi, kwa riale. Askari wa Stanley waliandikiwa riale 36 kwa mwaka, wakatangulizwa riale 20 kabla ya kuvuka. Na katika miongo iliyofuata riale 5 kwa mwezi ikawa ndiyo bei ijulikanayo. Tofauti ya malipo haya si ndogo. Anayelipwa kwa safari hubeba yeye hasara ya kuchelewa, na ndiye atakayewasukuma wenziwe waamke mapema. Anayelipwa kwa mwezi humwachia tajiri hasara hiyo, na hana sababu ya kuona mto uliofurika kuwa ni balaa. Wenye malori wa leo na madereva wao hawajakwisha kugombana juu ya jambo hilo hilo.

Pepo za bahari nazo zilikuwa na neno lao. Majahazi ya Bara Hindi na Arabuni yalifika Unguja kwa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, yakashusha nguo na shanga Forodhani. Mali ikafungwa mitumba katika nyua za nyumba za mjini, ikavushwa kwa mashua mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita 40 hivi, na mara masika yakaanguka. Aliyekuwa na busara alisubiri. Stanley hakusubiri: alivusha watu wake kwa makundi matano, la mwisho likaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, jumla yao watu 192 na kilele cha masika mbele yao, wakaenda kuzama katika matope ya Makata, punda wakifa na yeye mwenyewe akiugua. Lakini kusubiri pia kuna aina zake. Alipofika Bagamoyo alikuta msafara mdogo wa mizigo 35, vifaa vya Livingstone mwenyewe, ambao kwa kauli yake ulikaa hapo siku karibu mia kwa kisingizio cha kukosa wapagazi, huku mzee wa watu kule bara akivisubiri. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimewaua watu wengi Unguja na mrima, na wapagazi kweli walikuwa wachache. Hata hivyo mtu aliyelipwa kwa mwezi hula posho Bagamoyo kama anavyoila Ugogo, tena kwa samaki wabichi.

Fedha za mali hiyo yote aghalabu hazikuwa za yule aliyesafiri nayo. Mwarabu au Mswahili aliyekwenda bara alichukua nguo kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa Kihindi, Banyani au Khoja, akaandikiana naye waraka wa kulipa kwa pembe baada ya miaka miwili au mitatu. Na kwa kuwa riba ni haramu kwa Muislamu, mara nyingi haikuonekana popote katika waraka, bali ilijificha ndani ya bei, nguo iliyouzwa dukani kwa bei moja ikaandikwa kwa mkopaji kwa bei nyingine. Hapo ndipo nauli ya kichwa ilipopata mzigo wa pili usiopimika kwa mizani. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi tangu miaka ya 1830, na ambayo Ladha Damji aliiendesha Unguja kwa niaba ya bwana wake aliyekaa Kachi, ilikuwa mtoza ushuru na mwia kwa wakati mmoja: pembe zote zilipita mlangoni pake zikapimwa, kwa hiyo hapana mdeni aliyeweza kuleta frasila mia akasema ameleta hamsini. Mwaka 1876 forodha ikaingia mikononi mwa Taria Topan, Khoja aliyekuja Unguja kutoka Kachi akiwa kijana asiye na kitu. Na nyumba ya fahari aliyoanza kuijenga Mizingani mwaka 1887 ili iwe hospitali, ambayo yeye hakuwahi kuiona imekwisha kwani alifariki 1891, watu wa mjini hadi leo wanaiita Dispensari ya Zamani. Wapita njia huitazama kwa roshani zake za mbao zilizochongwa. Aliyesoma habari za Taria huziona roshani hizo zimesimama juu ya waraka wa deni.

Mdeni wake mkubwa kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana ulimwengu mzima kwa jina la Tippu Tip. Maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, husomwa na wengi kwa ajili ya vita na falme za Kongo, lakini msomaji atakayekuwa na penseli mkononi atastaajabu ni mara ngapi kisa cha bunduki kinakatizwa na hisabu ya frasila, nani ana deni la nani, na bei ya pembe pwani ni kiasi gani. Alikuwa mfanyabiashara, na aliikumbuka safari kwa namna mfanyabiashara aikumbukavyo. Aliporudi Unguja mwaka 1882 baada ya miaka mingi, na pembe zisizo na hisabu, neno la kwanza alilokuwa nalo ni la kumlipa Taria.

Si haki kuitaja njia hii na kunyamaza juu ya watu waliopitishwa humo wakiwa wao wenyewe ndio mali. Misafara iliyoshuka ilileta watumwa pamoja na pembe, na wengi wao waliishia katika soko la Mkunazini, mpaka Juni 1873 Seyyid Barghash, chini ya kitisho cha manowari za Uingereza na ulimi wa balozi John Kirk, alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Kanisa la Waanglikana likajengwa mahali hapo. Yule mtu wa hadithi za zamani, ambaye amebebeshwa pembe ili wauzwe wote wawili pwani, alikuwepo. Lakini mwenye kudhani kwamba njia ya Unyanyembe iliendeshwa naye peke yake hakuitazama hisabu: pembe nyingi zilichukuliwa na watu waliopatana ujira, waliogoma walipopunjwa, na waliokuwa na jina la kulinda kijijini kwao. Mpagazi huru na mtumwa walitembea katika uchochoro mmoja, na daftari la tajiri liliwaandika kwa kurasa mbalimbali.

Wengi walijaribu kumwondoa mpagazi katika hisabu hii. Stanley alichukua mkokoteni akautupa. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani mwaka 1876 na 1877, ndorobo akawala ng'ombe. William Mackinnon alianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam mwaka 1877, haikufika mbali, ikaachwa majani yaiote. La ajabu kuliko yote ni la mwaka 1879, pale Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipoleta ndovu wanne waliofunzwa kazi kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani ili wapande bara na mizigo, katika njia ambayo kwa miaka hamsini haikuona ndovu isipokuwa meno yake. Wapagazi waliokutana nao wakiwa na pembe mabegani sijui walisema nini. Ndovu hao walikufa mmoja baada ya mwingine, akafika Karema, kwenye ziwa, mmoja tu.

Tippu Tip alifariki Unguja, mjini, mwezi wa Juni 1905, na katika mwaka huo huo Wadachi walikuwa wamekwisha kuanza kulaza reli kutoka Dar es Salaam. Reli ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Behewa moja la kuchukua tani 10 huchukua mizigo 320 ya frasila mbili mbili, halili posho, na halikatai kutoka Oktoba. Bagamoyo iliyoachwa kando ikalala, na maghala ya Unguja yakabaki na karafuu. Miezi michache baada ya reli kufika Kigoma, Agosti 1914, vita vikazuka, majeshi yakaingia mwituni ambako reli haifiki, na mzigo ukarudi kichwani: wachukuzi wakakusanywa kwa maelfu, na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, watu wa Dar es Salaam wakaiita Kariakoo. Huko ndiko mfanyabiashara wa Darajani avukako leo kwa boti ya asubuhi kununua majora ya vitambaa, na akishayafunga humwita kijana amchukulie mpaka bandarini, wakasimama kwanza, mzigo ungali chini, kupatana bei.